Dira Aliyoishika Yusra

Kambi ya Mafunzo,
Bwawa la Ihumbwi, kupita Makutupora.
Jumatano jioni.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia na tena nakuamkia, maana nina deni la shikamoo za wiki tano. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa mlangoni pa jikoni na ile miwani yako iliyofungwa uzi, unasoma kwa midomo kama unavyosoma Zaburi. Baba goti lake limekaaje? Bado anagombana na dawa ya kuchua? Uwele umetoka, au ndege wamekula mbegu kama mwaka jana? Na mdogo wangu Elisha mwambie nasikia habari zake za kulala kwenye mazoezi ya kwaya, hata huku zimefika.

Mimi ni mzima wa afya. Naanza na hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa, si umesimama na mkono kifuani. Ni mzima, nakula, nimenenepa kidogo mabegani kwa kubeba mitungi ya hewa. Simu zetu wanazitunza maafande, tunapewa Jumapili saa moja tu, na jambo ninalotaka kukuambia halitoshi kwenye saa moja. Tena ningesikia sauti yako ningelia, halafu ungeanza kunifariji mimi kabla sijasema lolote. Kwa hiyo nimeandika, na Ernest, dereva wa hapa, amekubali kupita nyumbani Zuzu kesho akienda mjini.

Mama, nataka nikusimulie habari za Yusra.

Yusra binti Abdulnasiri ndiye mwenzangu wa jozi. Majini haingii mtu peke yake. Kila mmoja ana wake, na wako ukimpoteza usitoke kuja kueleza, rudi ukamtafute. Ni mtoto wa mjini. Baba yake ana duka la vipuri vya pikipiki, na babu wa babu yake, kama anavyosema mwenyewe, alikuja Dodoma na misafara ya biashara akachoka kutembea akaoa. Siku ya kwanza nilimwona na kilemba chake kimepigwa pasi nikasema moyoni, huyu hamalizi wiki. Naye amenikiri kwamba aliniangalia miguu yenye vumbi akasema hivyo hivyo. Tukalingana.

Kozi hii ya upiga mbizi aliipigania. Miaka mitatu iliyopita mtoto wa shangazi yake alizama bwawani, na wapiga mbizi wakasubiriwa kutoka mbali siku mbili nzima. Yusra alikaa ukingoni siku zote mbili na shangazi yake, amemshika kanga asijitupe. Anasema maji hayakumuumiza kama ule mkao. Akaapa kwamba siku Dodoma itakapokuwa na wapiga mbizi wake, yeye atakuwa mmoja. Baba yake hakupenda. Alimpa ruhusa mara moja tu, na akamwambia mbele ya ndugu kwamba akishindwa arudi dukani na habari ya maji isitajwe tena. Mzee yule si mkali, lakini neno lake halina marudio.

Sasa nikueleze tunachofanya, maana najua Baba atauliza mtu anaonaje njia ndani ya maji. Haoni. Maji ya bwawa letu mchana ni kama chai ya maziwa, usiku ni kama ndani ya chungu. Unyooshe mkono, kiganja chako mwenyewe hukioni. Hakuna juu wala chini, hakuna upepo wa kukuambia mashariki iko wapi. Mimi niliyekuwa najua njia ya malishoni hata nikifumba macho, siku ya kwanza kule chini nilizunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi nikidhani naenda mbele. Afande Silvano, mwalimu wetu, alitucheka akasema ndivyo mwili wa binadamu ulivyo, kila mtu ana mguu mmoja mvivu, na usipokuwa na dira utaufuata huo mguu mpaka hewa iishe.

Kwa hiyo ni dira. Unaishika mbele ya kifua, imelala sawa kama sahani ya mchuzi, viwiko vimebana mbavuni. Unageuza pete yake kwenye nyuzi za mwelekeo ulizopewa, sindano inakaa kati ya alama mbili, na hapo ndipo mwili wako wote unaifuata. Umbali unaupima kwa kuhesabu mapigo ya mapezi ya miguuni. Kurudi, unageuka nusu duara unafuata sindano ile ile. Afande anasema dira haina mjomba. Ukianza kuibishia kwa sababu moyo wako unakuambia vingine, umekwisha.

Mama, ungemwona Yusra na dira! Sijui nimfananishe na nini. Wewe unapopepeta uwele hutazami ungo, unaongea na jirani na mikono inajua yenyewe. Yeye ndivyo alivyo. Mwili unatulia, pumzi inatoka kidogo kidogo, na anakwenda. Mchana walimpeleka mita mia na hamsini akagusa kigingi kwa kidole. Wanaume wawili waliokuja na maneno mengi siku ya kwanza walinyamaza. Mimi kila nilipoishika dira nilitokea pembeni, mara kwenye matete, mara kwa wavuvi. Wakasema Mgogo anajua kufuata mkia wa ng'ombe tu. Nikacheka nao. Mwisho Afande akaamua jozi yetu ifanye hivi: Yusra asome dira, mimi nihesabu mapigo na kuangalia kipimo cha hewa. Nikaona ni sawa, kila mtu na kipaji chake.

Alhamisi iliyopita ulikuwa mtihani wa usiku. Kutoka kwenye kigingi ukingoni, nyuzi sitini, mita mia moja mpaka kwenye pipa jeupe lililozamishwa. Uligonge mara tatu, urudi kigingini bila kutokeza kichwa juu. Mchana tulikuwa tunaogelea mbali kidogo, tumeunganishwa kwa kamba fupi. Usiku ule mvua ya juzi yake ilikuwa imeleta tope, dira yenyewe haikusomeka. Yusra akanivuta karibu, tukashikana mkono kwa mkono, mimi nikaiweka tochi juu kabisa ya dira ili aone sindano. Alisema bismillahi yake, mimi nikasema Baba Yetu nusu, maana maji ya baridi huwa yananikata kwenye riziki yetu. Tukashuka.

Nilihesabu mpaka themanini, mapigo yetu ya mita mia. Pipa halikuwepo. Tisini, hakuna. Mia moja na kumi, kitu kikanishika mgongoni. Tulikuwa tumeingia kwenye migunga iliyozama bwawa lilipojazwa, na kwenye miti ile kuna nyavu kuukuu za wavuvi. Wavu ulinasa kichwa cha mtungi wangu. Nilijikurupusha, nao ukakaza. Nikaanza kupumua ovyo, na mtu anayepumua ovyo kule chini anakunywa hewa ya nusu saa kwa dakika tano. Mama, sitakuficha, niliogopa mpaka nikajikojolea ndani ya suti.

Yusra hakuvuta. Angevuta tungekaza wote wawili. Alikuja mbele yangu, akaichukua tochi akajimulika usoni ili nimwone. Kisha akakishika kiganja changu akakiweka kifuani pake, akakibana pale. Kifua kinapanda, kinakaa, kinashuka. Polepole kama mtu aliyelala. Alinisubiri nipumue kama yeye. Nje kulikuwa na watu wanahesabu dakika, hewa yake nayo ilikuwa inakwenda, na yeye alisubiri mpaka pumzi zetu zikawa moja. Ndipo akatoa kisu akaanza kukata uzi mmoja mmoja kuzunguka mtungi, mwingine kwenye bega, mwingine kwenye mkono wa suti. Aliponifungua hakunipa tena tochi. Alinipeleka nyuma yake, akanishikisha mkanda wa mtungi wake, akashika tochi na dira mwenyewe, akatupeleka nyumbani. Tulitokea hatua chache kutoka kigingini. Hewa yangu ilikuwa imebaki ya kuhemea mara kadhaa tu.

Afande hakugomba. Alitumiminia chai kwenye vikombe.

Lakini mtihani ni mtihani. Ijumaa asubuhi dira iliwekwa mezani ikalinganishwa na nyingine tatu: haina kosa. Tochi ikapitishwa juu yake: sindano haikutikisika. Basi kama chombo ni kizima, aliyekosea ni msomaji. Wakamuuliza Yusra ana la kusema. Akasema dira aliisoma yeye. Hilo tu. Ikaandikwa kwamba alisoma vibaya akamhatarisha mwenzake, na kwamba Jumatatu kamati ingekaa kumwondoa. Alitoka pale akaenda kuswali, kisha akaja kumenya viazi, ilikuwa zamu yake. Mimi nilimtetea kwa maneno mengi. Nilisema aliniokoa, nilisema hakuna kama yeye. Afande akanijibu kwa upole kwamba kuokoa ni kuzuri, ila asingekosea asingekuwa na mtu wa kumwokoa.

Mama, sasa vua miwani uifute, halafu uendelee.

Jumamosi nilipangiwa kusafisha vifaa stoo. Nilikuwa peke yangu. Niliiweka dira juu ya meza, nikasema ngoja nijifunze na mimi hii kitu inayonishinda. Niliponyoosha mkono wa kushoto kuigeuza pete, sindano ikaondoka mahali pake. Nikarudisha mkono, ikarudi. Nikanyoosha, ikanifuata. Nilifanya hivyo mara nyingi, sijui mara ngapi, mpaka mkono ukafa ganzi.

Ni kikuku, Mama. Kikuku changu.

Siku ya kwanza kabisa tuliambiwa tuvue kila chuma: saa, pete, hereni, mkufu. Afande alisema chuma huidanganya dira. Nilisikia kwa masikio haya. Lakini nilifunga bandeji juu ya kikuku nikasema mkono uliteguka, na majini mkono wa suti ulikifunika. Nilijiambia ni kidogo, ni chembamba, hakiwezi kudanganya kitu. Ukweli ni kwamba niliogopa kukivua. Wewe ndiye uliyeniambia kilikotoka. Kwamba watoto wako watatu walitangulia, hakuna aliyefika kunyonya mwaka. Kwamba nilipozaliwa mimi, Baba alilichukua lile jembe lililowachimbia makaburi akalipeleka kwa mhunzi upande wa Kondoa, likafuliwa kikuku chembamba, ili kifo kikija mlangoni kikute chuma chake na kijue hapa kimeshakula. Kila nilipokua mlikipanua, hakikutoka mkononi hata siku moja. Ningekivua vipi kwa amri ya mtu aliyeshika filimbi?

Basi kumbe nilipotokea kwenye matete kila siku si ujinga wa Mgogo, ni kikuku. Na usiku ule, nilipoweka tochi juu ya dira, niliweka na mkono. Yusra alisoma sawasawa. Mimi ndiye niliyemvutia sindano.

Ungedhani nilikimbia kwa Afande saa ile ile. Sikukimbia. Nilifunga stoo, nikala, nikalala, au nililala macho wazi. Nilijiambia labda kamati itamhurumia. Nilijiambia nikisema nitafukuzwa mimi, na kanisa zima Zuzu liliniombea. Jumapili nilikwenda ibadani Makutupora, na watu waliposimama kwenda mezani kwa Bwana miguu yangu ilikataa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilitoka kabla ya baraka.

Nilimkuta Yusra anaanika suti. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mbali, kama mtu anayeogopa kupigwa. Akaendelea kuanika. Kisha akaniambia kwamba anajua. Alijua tangu kwenye migunga: alipokuwa anakata wavu kwenye mkono wangu kisu kiligonga chuma, na alipoishika dira peke yake akaona sindano imehama, akajua tumepotoka kwa nyuzi ngapi. Ndiyo maana aliniweka nyuma. Mimi nilidhani ameniona mzigo.

Nilimuuliza kwa nini basi alinyamaza Ijumaa, wakamwandika vile. Akasema usiku mmoja alinisikia bwenini nikimweleza Bupe, mwanafunzi mwenzetu, habari ya kikuku na wale watatu, nikidhani wengine wamelala. Akasema yeye hawezi kusimama mbele ya watu akataja kitu ambacho mama alimfunga mwanawe ili aishi, kwamba hayo si maneno ya mtu wa pili, ni yangu. Aliamua kunisubiri mpaka Jumatatu. Nikamuuliza, na kama nisingesema? Akacheka, akasema angeuza vipuri vya pikipiki na angenipunguzia bei nikija. Kisha hakucheka tena. Akasema, ningeumia sana, Hilda, tena si kwa ajili ya kozi.

Nilikwenda kwa Afande siku ile ile. Alileta dira, akaniambia ninyooshe mkono, akaitazama sindano muda mrefu. Jumatatu nilirudia mbele ya kamati. Neno la kumwondoa Yusra likafutwa, akapewa mtihani upya. Mimi nimetolewa majini kwa kuvunja kanuni na kuhatarisha mwenzangu. Nimeruhusiwa kuomba tena kozi ijayo, nikija na mkono mtupu. Hawakunionea.

Kikuku kilikatwa Jumatatu jioni na fundi wa kuchomelea hapa Makutupora. Hakikupita kiganjani, ilibidi msumeno. Yusra alikunja kilemba chake cha akiba akakipenyeza chini ili msumeno usinile. Kilipoachia nilisubiri kitu kitokee. Fundi akaomba tumpishe, ana geti la mtu.

Na jana usiku, Mama, alirudia mtihani, na Bupe. Mimi nilipewa kazi ya kusimama kigingini na kamba. Walishuka. Niliona mwanga wa tochi ukienda chini ya maji, dhaifu, kama kibatari nyuma ya pazia, halafu ukapotea. Nikasikia pipa likigongwa, mara tatu, mbali. Nilikaa nikihesabu mapigo ambayo si yangu. Kisha mwanga ukaja tena, haukuyumba, ukanyooka kwangu mpaka nikaona mapovu kwenye vidole vyangu vya miguu, na mkono ukatoka majini ukanishika kifundo cha mguu badala ya kigingi. Ni yeye. Nililia mbele ya maafande wote bila aibu. Afande Silvano amefundisha miaka mingi, na alivua kofia.

Nitafika nyumbani Jumamosi. Yusra atakuja nami, anataka kukuamkia, na Mzee Abdulnasiri amekubali. Tafadhali kuku asichinjwe na Elisha, mwite Mzee Rehani jirani achinje, ili mgeni ale kwa amani. Mlenda nimemwambia habari zake, anasema hajala wa kijijini, tutaona. Baba nisalimie, mwambie ajitahidi kusikiliza yote kabla ya kutoka nje kuvuta tumbaku. Wote wa nyumbani na majirani nawaamkia kwa Kigogo chetu, mbukwenyi.

Kuna jambo moja nakuomba. Vipande vya kikuku ninavyo, nimevifunga kwenye leso, nitakukabidhi mkononi. Usinitengenezee kingine, Mama. Najua utataka, usiku huu huu utamwambia Baba amtafute mhunzi. Ulinifunga kile kwa upendo na sitakaa nikicheke. Lakini siku ile chini ya maji kikuku ndicho kilichonipeleka kwenye miti, na aliyenirudisha kwako ni mtoto wa mwanamke mwingine.

Wako mtiifu, na mzima,

Hilda Mazengo